Dakika 15 tu, bila kubuku
Jamani leo nimeingia ile ofisi ya ushauri wa ajira hapa chuoni bila kubuku, nilikuwa natoka kuprinti siivii nikakuta mlango uko wazi nikapiga hodi, dada wa watu akaniambia karibu mdogo wangu una dakika 15. Akachukua kalamu nyekundu akakata dini, akakata hali ya ndoa, shule ya msingi, halafu akazungushia duara pale nilipoandika "nilifanya field" (yale mafunzo ya kazini ya chuo) mstari mmoja basi. Akaniuliza, huko field ulikuwa unafanya nini hasa? Nikamweleza nilivyokuwa nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila Ijumaa, akasema sasa si ndo uandike hayo!

Mi nasoma uhasibu mwaka wa tatu na siku zote nilijua CPA, ile mitihani ya kuwa mhasibu kamili, ni ya watu walioshaajiriwa, kumbe dada ananiambia nikimaliza digrii najisajili NBAA, ile bodi ya wahasibu, mitihani ipo Mei na Novemba, nafanya huku natafuta kazi. Nimetoka pale mwepesi kweli, yule dada Mungu ambariki. Kesho naamkia NIDA kufuatilia namba yangu ya kitambulisho cha taifa maana Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, wanaitaka.