Mwanga umemaliza kusoma jicho, sasa unachungulia sikio

Kama una mtu wa sukari nyumbani basi OCT utakuwa ushaisikia, ile mashine ya kupiga picha tabaka za ndani ya jicho kwa mwanga, unaweka kidevu, unaambiwa angalia kialama kile pale na usipepese, sekunde chache imeisha. Hakuna sindano, jicho haliguswi, na mara nyingi hata yale matone ya kutanua mboni yanayokuachia ukungu mpaka jioni hutiwi. Nilivyomsindikiza mama mkubwa nikaomba nione skrini, aisee! Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaonekana kama imekatwa kwa kisu, tabaka juu ya tabaka kama chapati kwenye sahani, na sehemu moja imevimba maji yamejaa katikati, wakati kitu chenyewe chote unene wake ni kama robo milimita tu. Daktari akapima uvimbe palepale kwenye kompyuta, ndo anaamulia kama sindano za jicho ziendelee.

Sa inafanyaje kazi? Wazo ni lilelile la ultrasaundi, ila badala ya sauti wanatuma mwanga wa infraredi na kusubiri urudi. Balaa ni kwamba mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, ukirudi kutoka tabaka jembamba vile hakuna saa ya kuuwahi, kwa hiyo wanaugawa, mwingine uende jichoni mwingine kwenye kioo, halafu wanasoma vile mawimbi yanavyoingiliana yakikutana tena. David Huang, Eric Swanson, James Fujimoto na wenzao kule Marekani walilitoa hilo mwaka 1991 kwenye jarida la Science, na 2023 hao watatu wakapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba. Wamestahili kabisa.

Ila mi kinachonikosesha usingizi ni sikio. Jicho limeumbwa kupitisha mwanga, hapo hamna ujanja mkubwa. Mtoto akiumwa sikio daktari anachungulia na kitochi chake, mtoto analia anajirusha, unaona ngoma ya sikio imekuwa nyekundu, lakini nyuma yake kuna nini? Unakisia, unaandika antibayotiki. Sasa ngoma yenyewe ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, mwanga wa OCT unapenya! Timu ya Stephen Boppart pale Chuo Kikuu cha Illinois wakatengeneza kifaa cha kushika mkononi, na 2012 wakaonyesha kwa watu walio hai, bila kutoboa chochote, utando wa bakteria uliojificha nyuma ya ngoma kwa wenye maambukizi sugu. Utando huo ndo unaowakinga bakteria na dawa, yani ile "katumia dozi zote na sikio linarudi palepale" ina picha sasa.

Sikio la ndani bado kazi ipo, maana koklea, kile kiungo cha kusikia chenye umbo la konokono, imefunikwa na mfupa. Kwenye panya wameshapima mtikisiko wake wa nanomita chache (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni) sauti ikiingia, raha tupu kwa wanasayansi, ila kwa binadamu naona kifaa cha sikio la kati, pale nyuma ya ngoma, ndo kitatufikia kwanza, tena bei ikishuka tu.