Kijiti cha Giaboksi Kiliponidanganya: Nilivyojifunza Kupima Oili ya Pikapu ya Otomatiki

Pikapu ya ami yangu, Toyota Hilux ya otomatiki iliyotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Pemba, ilianza kunitia wasiwasi katikati ya msimu wa karafuu. Kila nilipohamisha gia kutoka P (ya kuegesha) kwenda D (ya kwenda mbele) ilikaa kidogo kama inayofikiri, kisha ikashika kwa mtikiso; na nilipopanda kilima na magunia nyuma, injini ilinguruma kwa nguvu ilhali magurudumu hayaongezi mwendo. Katika kisiwa chenye vilima kama chetu, dosari hiyo haifichiki hata siku moja.

Mimi nimejifunza udereva kwa gari za gia za mkono, kwa hivyo nilifanya lile nililolijua. Alfajiri, kabla ya kuiwasha gari, nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakifuta, nikakirudisha na kukichomoa tena, kama tunavyopima oili ya injini. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kabisa. Nikamwambia ami kwamba oili ipo, tena imezidi, na nusura niipunguze.

Bahati njema, kabla ya kufanya hivyo nilikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima mjini Wete.

"Mwanangu, ulipima gari ikiwa imezimwa?" aliniuliza.

"Ndiyo, fundi, na ilikuwa baridi."

"Basi bado hujapima."

Alinieleza kwamba giaboksi ya otomatiki ina pampu inayozungushwa na injini. Injini inapozimwa, oili iliyokuwa kwenye konveta, yaani chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, na katika njia za ndani huteremka taratibu hadi kwenye karai lililo chini, na kijiti, ambacho hupima karai hilo tu, huonyesha oili nyingi kuliko inayostahili kuhesabiwa. Joto nalo huipanua oili, ndiyo maana kijiti kina sehemu mbili zenye alama: ya COOL kwa oili iliyopoa na ya HOT kwa iliyopata moto, yaani nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Ya kutegemewa ni hii ya pili.

Kwa kuwa nilikuwa nimeiendesha gari kutoka Konde, giaboksi ilikuwa tayari imepata moto. Tuliipeleka gari kwenye kiwanja kilicho sawa, kwa sababu gari ikiinama oili hukimbilia upande mmoja, tukavuta hendibreki na kuiacha injini ikiunguruma. Nikiwa nimekanyaga breki, nilipitisha gia katika kila nafasi, kuanzia P hadi L, nikituama kidogo kwenye kila moja ili oili ijae kila njia, kisha nikairudisha P. Fundi aliitoa kanzu yangu karibu na feni kwa jicho moja tu la ukali, nikaikunja. Alichomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena. Oili haikufika hata alama ya chini ya HOT. Kijiti kile kile kilichonionyesha ziada alfajiri!

Kabla ya kuongeza chochote alidondosha tone kwenye kitambaa cheupe na kulinusa. Lilikuwa jekundu lililofifia, bila harufu ya kuungua. Lingekuwa la hudhurungi lenye harufu ya kuungua, alisema, tungekuwa tunazungumzia klachi za ndani. Na lingekuwa la waridi kama maziwa, maji ya rejeta yangekuwa yameingia.

Tuliongeza oili ya aina ya Dexron III, inayofaa giaboksi ile, kwa faneli ndefu kupitia tundu la kijiti chenyewe, robo lita kisha tukapima, halafu kidogo tena. Haraka hapa ni hasara, kwani oili ikizidi hupigwapigwa na vyuma vinavyozunguka hadi ikatoa povu, na povu halina nguvu ya kusukuma klachi. Kuitoa ni kazi kubwa kuliko kuitia.

Nilidhani tumemaliza, lakini fundi alikuwa ameshaingia chini ya gari. Giaboksi haichomi oili kama injini inavyoweza, ikipungua, imevuja. Aliukuta mpira mmoja unaopeleka oili kwenye rejeta ili ipozwe ukiwa umelowa na kushikwa na vumbi, akaubadilisha pamoja na klipu zake.

Alinionya pia nisiipeleke kanuni hii kwa kila gari: Honda nyingi hupimwa mara tu baada ya kuzimwa zikiwa moto, Mitsubishi nyingi hupimwa gia ikiwa N (huru), na nyengine hazina kijiti kabisa. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Wiki moja baadaye nilipima tena, injini ikiwaka na ikiwa moto, mbele ya ami aliyesimama akinitazama kwa shaka. Oili ilikuwa kati ya alama mbili za HOT, na chini ya gari mchanga ulikuwa mkavu.