Waanglikana wa Nyanda za Juu walitoka ziwani

Ukimtajia mtu wa Njombe au Mbeya Kanisa Anglikana, mara nyingi mawazo yake huenda Dodoma au Zanzibar, kwa kuwa huku kwetu Walutheri, Wamoraviani na Wakatoliki ndio waliotangulia kuenea. Hata hivyo, anayetaka kujua Waanglikana wa Nyanda za Juu Kusini walianzia wapi hana budi kuteremka mpaka Ziwa Nyasa.

Wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, wakihudumia vijiji vya ufukweni kwa meli ndogo iliyoitwa Charles Janson. Aliyezunguka kuliko wote ni Shemasi Mkuu William Percival Johnson: meli ilipotia nanga mbele ya kijiji aliteremka, akafundisha, akabatiza, akatoa sakramenti, kisha akaendelea na safari, ingawa macho yake yalikuwa yameharibika vibaya. Hakuwahi kuwa askofu, lakini kwa maoni yangu ndiye baba wa kanisa hili kuliko maaskofu wote waliomfuata. Alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli.

Kutoka mwambao wa Liuli na Manda, kazi ilipanda Milima ya Livingstone hadi Milo, Upangwa. Kwa miaka mingi Wakristo hao walikuwa chini ya Askofu wa Nyasaland (Malawi ya leo), ng'ambo ya mpaka wa kikoloni, mpaka ilipoundwa Dayosisi ya Kusini-Magharibi mwa Tanganyika mwaka 1952, ambayo makao yake ni Njombe. Leslie Stradling alihamishwa kutoka Masasi kuiongoza, naye alipokwenda Johannesburg mwaka 1961 akafuatiwa na John Poole-Hughes, Mwelisi, kisha Joseph Mlele mwaka 1974. Jina la Tanganyika, sijui kwa mapenzi au kwa mazoea, halijabadilishwa hadi leo.

Mbeya ilipata dayosisi yake mwaka 1999. Iringa ilitangulia mwaka 1990, ilipoanzishwa Dayosisi ya Ruaha chini ya Donald Mtetemela, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Tanzania kuanzia 1998 hadi 2008. Yeye alitokea Dayosisi ya Central Tanganyika, yaani Dodoma, kwenye malezi ya CMS (Church Missionary Society), shirika jingine la kimisionari la Kianglikana, ambako ibada ni nyepesi na mahubiri ndiyo kiini chake, ilhali watu wa ziwani walilelewa na UMCA kwa misa, kengele na ubani. Kwa hiyo Mwanglikana wa Milo anayehamia Iringa kikazi hukuta kanisa lake mwenyewe, ila asishangae akikosa chetezo.