Tuta la bwawa la majitaka lilivyoacha kuvuja

Masika yalikuwa yamekolea nilipoona chini ya tuta la bwawa letu la majitaka, hapa Mombasa, pamelowa. Mzee wa zamu akaniambia, "Mwanangu, hiyo mvua tu." Nikayakinga yale maji kwa chupa ya plastiki (harufu sisemi), nikaiacha itulie. Asubuhi chini yake palikuwa na tope laini kama unga. Moyo ukanipiga paa. Yakivuja bila udongo, una muda. Yakitoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani.

Wengi hukimbilia kuziba kwa saruji. Maji hutafuta njia nyingine. Sisi tulipunguza maji ya bwawa kwanza, pole pole, maana ukiyashusha haraka ukingo wa ndani huporomoka. Kisha penye uvujaji tukatandaza mchanga safi, kokoto, halafu mawe: maji yapite, udongo ubaki.

Na chanzo? Shimo la kenge, limefichwa na majani tuliyozembea kufyeka. Tulilichimbua lote, tukajaza udongo wa mfinyanzi kidogo kidogo, kila tabaka sentimita 15, tukishindilia. Chupa ya wiki iliyofuata haikuwa na tope.