Domeini saba, tovuti moja: nilivyoamua zipi ziende

Hela zilipokata nikakaa na stetimenti ya kadi kuangalia nini kinatoka bila mi kujua, nikakuta nimekatwa hela ya domeini (jina la anwani ya tovuti, unalolipia kila mwaka) mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Domeini zenyewe sasa! Ninazo saba, tovuti inayofanya kazi ni moja. Zingine nilinunua usiku wa manane kila nikipata wazo la biashara, nakimbilia jina kabla halijachukuliwa, asubuhi wazo limeshayeyuka ila jina linabaki linakula. Na mwaka wa kwanza kampuni zinazouza hayo majina zinakupa kwa ofa, wa pili ndo unaona bei yenyewe.

Nikaanza kwa kuzima malipo ya otomatiki kwa zote, maana yakiwa yamewashwa huamui wewe, inaamua kadi. Halafu kila moja nikajiuliza, kesho ikichukuliwa na mtu ntaumia? Nne wala. Ya tano nilikua najidanganya eti ntaiuza, miaka minne hakuna hata aliyeulizia bei, nayo nikaiacha.

Ya mwisho ndo nusura iniponze. Haina tovuti, nikaona takataka tu. Bahati nzuri siku hiyo nikawa naingia kwenye akaunti yangu ya zamani ya picha, nikabonyeza nimesahau pasiwedi, linki ikatumwa kwenye imeili yangu inayoishia na jina la domeini ileile! Yani ningeiachia, atakayeisajili anatengeneza anwani kama yangu na linki zote zinamfikia yeye. Hiyo nikailipia mwaka mmoja, nahamisha akaunti moja moja kwenda imeili nyingine na mpaka leo sijamaliza.

Kwa .com ikiisha muda haipotei siku hiyohiyo, ingawa tovuti na imeili zinaweza kuzimika. Kampuni nyingi zinakupa siku kadhaa ulipe bei ya kawaida, zikipita inaingia siku 30 za kukomboa ambapo unalipa na faini juu (faini yenyewe inauma kuliko ada), halafu siku 5 za kufutwa, hapo huna la kufanya.

Ile ya kuuza ikiwa kwenye kukomboa roho ikaanza kunidunda, vipi kama mteja anakuja kesho? Nikafungua, nikaiona faini, nikafunga kompyuta. Kuna mtu kaichukua baadae, kaweka matangazo matupu.