Doa la mafuta kwenye nati

Mama alikuwa na siku ya nne tangu atoke hospitali, na kidonda cha upasuaji hakitaki jasho. Kiyoyozi cha chumbani kwake kilipoanza tena kupuliza hewa vuguvugu, nilishikwa na hasira. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi 12. Mara mbili za kwanza fundi alikuja, akajaza gesi, akaondoka, nasi tukamshukuru.

Safari hii alikuja fundi mwingine, mtu mzima mwenye mvi. Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba kwenye mashine ya nje, akachuchumaa, akaniambia niwashe. Akasikiliza. Kompresa ilinguruma sawasawa, feni ilizunguka, mapezi ya alumini hayakuzibwa na vumbi.

"Shika hapa, mwanangu."

Mabomba mawili ya shaba hutoka ubavuni mwa mashine. Jembamba lilikuwa limeganda barafu nyeupe karibu na vali. Nene, ambalo kwa kawaida huwa baridi hadi likalowa matone, lilikuwa kavu na vuguvugu.

"Gesi imepungua," nikasema.

"Imepungua. Imekwenda wapi?"

Sikuwahi kujiuliza. Niliichukulia kama mafuta ya gari, kwamba hutumika ikaisha. Kumbe gesi ile huzunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, mara kimiminika, mara mvuke, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, imevuja. Hadi leo naona ni kosa kubwa kumjazia mtu gesi bila kutafuta inakotokea.

Akapitisha kidole chini ya nati ya bomba nene, akanionyesha. Kiling'aa mafuta, yameshikana na vumbi jeusi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, akanieleza; penye ufa gesi hupaa, mafuta hubaki. Alizima mashine, akapaka povu la sabuni. Tukangoja. Kipovu kimoja kikavimba polepole, kikapasuka, kikaja kingine. Doa lile lilikuwa pale siku zote, mahali ninapopita kuanika nguo.

Kazi yenyewe ilikula mchana mzima. Alifyonza gesi iliyobaki ndani ya mtungi wake, akakata ncha ya bomba iliyopasuka, akaupanua mdomo mpya kama wa tarumbeta, akakaza nati kwa spana ya kipimo. Kisha pampu ikavuta hewa yote na unyevu. Gesi aliiingiza kwa mizani, gramu kwa gramu, akifuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Jioni Mama aliomba shuka la pili.

Wiki moja baadaye nilikwenda na kitambaa cheupe, nikaifuta nati ile pande zote. Kilitoka na vumbi tu. Nikagusa bomba nene: baridi, limelowa.