Povu la seli wazi: linaziba upepo, linaachia mvuke

Ukinunua nyumba ya mbao Marekani, iwe Houston, Dallas, Columbus au Minneapolis, haitachukua muda kabla fundi hajakushauri upulize povu la kuzuia joto na upepo darini, yaani kwenye uwazi ulio chini ya paa. Atakutajia aina mbili, seli wazi na seli funge, kisha atakupa bei. Ya seli wazi huwa ndogo kwa unene uleule, na wengi huchagua hapohapo. Lakini tofauti kubwa ya mapovu haya mawili haiko kwenye bei wala kwenye joto. Iko kwenye maji.

Povu la seli wazi likishakauka huwa kama godoro la sponji: ukilibonyeza kwa kidole linarudi. Vijipovu vyake vimepasuka na kuunganika, na uzito wake ni kama kilo 8 kwa mita moja ya ujazo. La seli funge ni gumu kama ubao mwepesi, kama kilo 32 kwa mita ya ujazo. Kwa kipimo cha R, ambacho Wamarekani hutumia kupima ukinzani wa joto, seli wazi hutoa takriban 3.7 kwa inchi, seli funge 6 hadi 7.

Sasa linganisha na pamba ya faibaglasi. Ukuta wa nguzo za mbao za inchi 3.5 ukiujaza pamba vizuri unapata R-13. Ukiujaza povu la seli wazi unapata R-13. Basi unalipia nini? Unalipia kuziba upepo. Pamba huacha hewa ipite pembeni mwa nyaya, mabomba na misumari. Povu huingia kwenye kila ufa na kushika mbao, na likifika unene wa inchi 3.5 hadi 5.5, kutegemea bidhaa, hewa haipiti tena. Mvuke ndio unaopita, tofauti na seli funge inayouzuia. Ukilisahau hilo, dari litakukumbusha.

Povu hutengenezwa palepale kwenye ncha ya bastola ya kupulizia. Mapipa ni mawili, ya galoni 55 kila moja. Pipa A lina kemikali iitwayo isosayaneti. Pipa B lina kemikali ya pili, polioli, pamoja na vichocheo, dawa ya kupunguza moto na maji. Maji yakikutana na isosayaneti hutoa kaboni dioksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoumua mchanganyiko hadi mara mia moja au zaidi ya ujazo wake, kwa sekunde chache tu. Mashine huvuta mapipa yote mawili kwa kiasi sawa, sehemu moja ya A kwa moja ya B, huyapasha moto hadi nyuzi 50 au 65 za Selsiasi na kuyasukuma kwa mgandamizo unaozidi psi 1,000 (pauni kwa inchi ya mraba). Kila kitu kinategemea usawa huo, na ndio unaoharibika mara nyingi: pipa limelala kwenye gari la baridi usiku kucha, kichujio kimeziba, pipa moja limekaribia kwisha na pampu inavuta hewa, au pipa B halikukorogwa kabla ya kazi. Pipa B la seli wazi hujitenga likikaa, kwa hiyo lazima likorogwe.

Povu lililozidi A huwa kavu na linavunjika kama biskuti. Lililozidi B hubaki laini, linanata, na kunuka kama samaki hata baada ya wiki. Harufu hiyo haitibiwi kwa rangi wala kwa kufungua madirisha. Sehemu iliyoharibika hukatwa, ikatolewa, ikapulizwa upya. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hupulizia kwanza kwenye kipande cha plastiki au boksi, akakata na kutazama ndani: vijipovu vidogo vinavyolingana, rangi moja kama ya maziwa, na sponji inayorudi ikibonyezwa. Ukiona anaingia moja kwa moja darini bila jaribio hilo, msimamishe.

Mbao zenyewe zipimwe unyevu kwa kifaa, ziwe chini ya asilimia 19. Mbao mbichi au yenye umande hula isosayaneti kabla haijakutana na polioli, na povu halishiki. Mbao baridi nayo hulifanya povu lisinyae na kuachana na nguzo, ukabaki na ufa mwembamba usioonekana mpaka msimu wa baridi. Kiwango cha chini cha joto kimeandikwa kwenye karatasi ya bidhaa. Kwenye karatasi hiyohiyo kuna unene wa juu kabisa wa mpulizo mmoja, na usiuchukulie kama pendekezo. Povu linapoumuka hutoa joto. Likiwekwa nene mno kwa mara moja, katikati huungua likawa kahawia, na kuna nyumba zilizoshika moto kwa njia hiyo.

Kwenye ukuta, fundi huanza pembeni mwa nguzo, kisha hujaza katikati. Povu litafura kupita nguzo, na hukatwa kwa msumeno mrefu likawa sawa na uso wa mbao. Mabaki ni mifuko na mifuko, kwa hiyo mkataba useme nani anayatoa.

Siku ya kazi, mfumo wa kiyoyozi uzimwe na matundu yake yazibwe kwa plastiki, la sivyo utasambaza ukungu wa isosayaneti vyumbani. Isosayaneti ni miongoni mwa sababu kuu za pumu ya kazini, na mtu akishaijenga pumu hiyo hata kiasi kidogo humrudisha hospitali. Mpulizaji huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na barakoa ya vumbi haitoshi hata kidogo. Familia na wanyama wa nyumbani wahame, kwa kawaida saa 24 au zaidi kadiri mtengenezaji alivyoandika, feni ikivuta hewa kutoka darini kwenda nje muda wote.

Sasa dari, maana hapo ndipo pesa nyingi huenda. Kupuliza povu chini ya paa, katikati ya kenchi, kunabadilisha dari kutoka sehemu ya nje kuwa sehemu ya nyumba. Kwa hiyo matundu ya hewa ya upenuni na ya mgongoni mwa paa yote huzibwa. Pamba ya zamani iliyotandazwa kwenye sakafu ya dari hutolewa, kwa sababu ukiiacha unakuwa umelitenga dari na nyumba huku umelifunga na nje: si huku wala kule. Feni za bafuni zinazotema hewa darini zipelekwe mpaka nje. Na hita ya maji au ya nyumba inayowaka kwa gesi, kama inachukua hewa yake darini, ibadilishwe iwe ya mfumo uliofungwa wenye bomba lake la hewa. Dari lililozibwa linaweza kuurudisha moshi wa gesi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Hapo hapana mjadala.

Kanuni za ujenzi za Marekani huigawa nchi kwa kanda za hali ya hewa, namba ndogo zikiwa za joto na kubwa za baridi. Houston iko kwenye kanda ya 2, joto na unyevu. Huko povu la seli wazi chini ya paa ni la kawaida sana, na tatizo lake pia. Mvuke wa nyumba hupanda darini. Usiku paa likipoa, mvuke hupenya povu na kuingia kwenye plaiwudi au ubao wa OSB (wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi). Mchana jua likipiga, ubao unaurudisha mvuke darini. Hewa yenye mvuke ni nyepesi, hujikusanya mgongoni mwa paa, na baada ya miaka michache ubao wa juu kabisa ndio unaooza huku wa chini ukiwa mzima. Dalili ya mapema ni mabomba ya kiyoyozi kutoka jasho darini. Dawa si kurudisha matundu ya upenuni. Dari lipewe hewa kavu ya kiyoyozi, na kipimo kinachotumika katika kanuni za ujenzi ni futi 50 za ujazo kwa dakika kwa kila futi 1,000 za mraba za dari, au uweke mashine ya kukausha hewa. Mafundi wengi huliacha jambo hili kwa sababu si kazi yao ya kupuliza. Liulize wewe.

Minneapolis ni kanda ya 6, na hesabu inageuka. Hewa ya ndani yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande ikifika nyuzi 7. Ubao wa paa mwezi Januari uko chini ya sifuri kwa mbali. Mvuke unaopita kwenye povu hugeuka barafu, na majira yakibadilika barafu hugeuka maji. Ndiyo maana kanuni ya makazi ya Marekani, kuanzia kanda ya 5 hadi ya 8, inadai povu la chini ya paa liwe lenyewe kizuia mvuke cha daraja la pili (la kwanza ndilo linalozuia zaidi), au lipakwe kitu cha daraja hilo moja kwa moja juu yake. Seli wazi peke yake haifiki. Rangi ya kawaida ya ukutani ni daraja la tatu, kwa hiyo nayo haitoshi. Kwa maoni yetu, paa la Minnesota lipewe seli funge na usihangaike. Seli wazi ibaki kwenye kuta za ndani, ambako inazuia sauti vizuri kuliko mwenzake.

Chumba cha chini ya ardhi na uvungu wa nyumba pia ni mahali pa seli funge, popote uwapo, maana saruji inayogusa udongo hutoa unyevu mwaka mzima. Na nyumba iliyo kwenye bonde la mafuriko isipewe seli wazi kwenye kuta za chini: italowa kama sponji iliyo, na yote itang'olewa.

Kuhusu unene, utasikia kwamba inchi 5.5 zatosha kwa paa lolote kwa sababu upepo umezibwa. Hiyo ni kama R-20. Kanuni ya nishati ya Marekani ya 2021 inataja R-49 kwa dari la kanda ya 2, yaani inchi 13 za povu hili. Kuna njia halali ya kuthibitisha nyumba nzima kwa hesabu na kukubaliwa na kiasi pungufu, lakini hesabu hiyo iwe kwenye karatasi. Inchi za ziada huleta faida ndogo kuliko za mwanzo, kweli, ila kati ya 20 na 49 kuna nafasi kubwa.

Bei huhesabiwa kwa futi-bodi: futi moja ya mraba kwa unene wa inchi moja. Paa la futi za mraba 1,800 kwa inchi 8 ni futi-bodi 14,400. Mkataba uandike unene wa chini, si wa wastani, na ukachomeke waya wenye alama sehemu kumi hivi kabla ya kulipa. Anayekuahidi nafuu ya kodi ya serikali kuu, ile ya asilimia 30 hadi dola 1,200, mwambie ilikoma kwa kazi zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025.

Povu halikai wazi vyumbani. Lifunikwe jipsamu ya nusu inchi kwa ajili ya moto. Dari la kuingilia kwa matengenezo tu lina masharti mepesi, na mkaguzi wa mji ndiye anayeamua.

Kwa wanaouliza kuhusu Dar au Mombasa: nyumba yenye madirisha ya wavu na matundu ya hewa haina upepo wa kuziba. Chini ya mabati, karatasi ya kung'aa na dari vinatosha.

Walioko Uingereza wasome mara mbili. Huko baadhi ya wakopeshaji hukataa nyumba yenye povu darini, kwa sababu mthamini haoni mbao zilizo nyuma yake. Popote ulipo, piga picha kila uwazi ukiwa na rula ndani kabla na baada ya kupuliza, na weka karatasi ya bidhaa, namba za mapipa na vipimo vya unyevu wa mbao pamoja na hati ya nyumba.